Kocha Asivae Kofia

Jumamosi hiyo, baada ya sala ya alasiri, Gelle alikuwa amepiga magoti kando ya lori la mbuzi, akizamisha tyubu kwenye karai la maji kutafuta tundu la pancha, wakati wanaume walipoanza kupita na viti vya plastiki vichwani kuelekea uwanjani. Kila aliyepita alimsalimia, na kila aliyemsalimia alimuuliza swali lile lile: leo tunabadilisha tairi? Gelle alitabasamu kidogo, akaona mapovu yakitoka, akaweka alama kwa chaki, na hakumjibu hata mmoja.

Swali lenyewe lilikuwa la haki. Katika mashabiki wote wa Nyota ya Bulla, timu ya mpira ya mtaa, hapakuwa na aliyewapigia makocha domo kama yeye. Kocha ni tairi, alizoea kusema akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Likitoboka unalibadilisha, hulibembelezi. Kwa maneno hayo hayo alimwondoa kocha aliyetoka Isiolo, na aliyemtangulia ambaye alikuwa askari wa magereza, na mwingine ambaye watu hawakumbuki jina lake ila wanakumbuka kwamba alikuwa na pikipiki nzuri. Sasa ilikuwa zamu ya Mwalimu Kang'ethe, na mtaa mzima ulijua Gelle ndiye atakayepanda kreti.

Taabu ni kwamba Gelle hakutaka Kang'ethe aondoke. Hakutaka kabisa, na hakuwa amemwambia mtu.

Kang'ethe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Nyeri, mrefu na mkimya, aliyeletwa Garissa na serikali akapanga chumba kwenye ploti ya Gelle. Ukocha alipewa kwa sababu alikuwa na filimbi. Aliwafundisha vijana kupiga pasi fupi, akawakataza kutafuna miraa kabla ya mazoezi, na timu ikaanza kufungwa. Ilifungwa kwa utaratibu, bila fujo. Siku ilipofungwa na timu ya Mandera, mashabiki waliondoka kabla ya dakika za mwisho wakipiga mateke vumbi, na kocha akabaki peke yake kwenye mstari, mikono kiunoni.

Rukiyo, anayeuza chai pembeni mwa uwanja, ndiye aliyekuwa karibu. Alihisi ubaridi mgongoni, akatazama juu kutafuta wingu. Wingu halikuwepo. Alikuwepo Mwalimu Kang'ethe, na kivuli chake kilikuwa kimetanda nyuma yake, kikubwa kama cha mgunga wa miaka mingi, kimefunika meza ya chai, madumu ya maji na mbuzi wawili. Rukiyo alisogeza stuli yake ikae katikati, akaendelea kusuuza vikombe.

Kilikuwa kivuli cha kawaida kwa kila kitu isipokuwa ukubwa. Asubuhi kilielekea magharibi, jioni mashariki. Kang'ethe akitembea kilimfuata, akiingia ndani kilikwisha. Ndani yake mlikuwa na ubaridi kama ule wa kando ya mtungi. Jambo moja tu lilitaka uangalifu: kilitoka kichwani. Akivaa kofia au akifungua mwavuli, kilirudi kuwa kivuli cha kofia au cha mwavuli, ambacho hakikumfaa hata kuku.

Hakuna aliyeshtuka. Garissa jua si mgeni, na mtu akileta kivuli haulizwi amekitoa wapi. Shuleni walimu wenzake walimwomba awe anasimamia gwaride la asubuhi, hata siku ambazo haikuwa zamu yake. Mbuzi wa mtaa walimsindikiza hadi langoni na kumsubiri hapo mpaka masomo yaishe. Mwenye duka la kona alimsihi anunue sukari kidogo kidogo, ili aje mara nyingi.

Lakini aliyefaidi kuliko wote alikuwa Muslimo, mama yake Gelle. Aliletwa kutoka Buna baada ya ukame kumaliza ngamia wake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa nje, na sasa alikuwa amewekwa kwenye chumba cha mabati, katika ploti isiyo na mti, iliyojaa matairi makuukuu yanayohifadhi joto mpaka alfajiri. Mchana mabati yalipoanza kulia, alilala sakafuni na kugeuzia uso ukutani. Kwanza aliacha kula, kisha akaacha kusema. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa, mtafutieni mahali penye ubaridi. Gelle alinunua feni, umeme ukapotea. Alitundika turubai, upepo ukalibeba. Mwishowe alianza kuwapigia simu ndugu wa Buna, akiwaambia wasikae mbali na simu zao.

Jioni ya kwanza Kang'ethe alipoketi uani kusahihisha kazi za wanafunzi, kivuli chake kilifika kwenye mlango wa Muslimo na kumfunika miguu. Muslimo aligeuka. Alijikokota nje na mkeka wake, akaketi, akamtazama mwalimu kwa kitambo.

"Babu yangu alikuwa na ngamia dume wa namna hii," alimwambia mwanawe kwa Kisomali. "Alikuwa anafunika kisima kizima. Hatukumchinja."

Halafu akaomba maziwa. Kesho yake alikula anjera mbili, na kesho kutwa alimgombeza Gelle kwa sababu ya ndevu zake za hina, akasema zimekaa vibaya. Gelle, mtu mzima mwenye watoto, alizunguka nyuma ya lori alilokuwa akilitengeneza akalia kwa furaha mpaka mwenye lori akaja kuuliza kuna nini.

Na Kang'ethe alikuwa ameshasema waziwazi, siku moja akifua shati lake bombani, kwamba klabu ikimpiga kalamu ataomba uhamisho arudi kwao. Hakusema kwa hasira wala kwa kutisha. Gelle alimsikia vizuri sana. Kocha akienda, kivuli kinaenda. Kivuli kikienda, mama anarudi chini ya mabati. Hiyo hesabu haikuhitaji mwalimu.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo aliziba pancha, akarudisha gurudumu, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akamshika mama yake mkono wakaenda uwanjani polepole. Muslimo hakujali mpira. Alikwenda mahali kivuli kilipokwenda.

Mkutano ulikuwa haujaanza, kwa sababu kocha alikuwa hajafika, na bila kocha wajumbe wangekaa wapi? Alipofika walimwonyesha mahali pa kusimama, kwenye mstari wa mashariki, akiwa ameelekea jua linaloshuka. Nyuma yake viti vilipangwa ndani ya kivuli. Walijaribu kumpa kiti na yeye, lakini akiketi kivuli kilipungua na watu wa pembeni walilalamika, basi akasimama.

Guleid, mwenyekiti wa klabu, mzee mwenye kilemba cha miraba myekundu na fimbo ya mpingo, aliamuru mazungumzo yawe kwa Kiswahili.

"Mgeni hatumsemi kwa lugha hajui," alisema. "Hiyo ni haramu kabisa. Tutamfukuza kama tunataka, lakini asikie."

Wote walikubali kwamba hiyo ndiyo heshima. Rukiyo akamwaga chai, na kikombe cha kwanza akampelekea kocha, kwa kuwa ni mgeni.

Aliyeanza alikuwa Abdilatif, dalali wa soko la mifugo, mwenye sauti iliyozoea kushindana na ng'ombe na, kama wazee wengi wa hapo, p yake mara nyingi ilitoka b.

"Mimi nabenda huyu mwalimu," alisema. "Walahi, hana maneno mbaya. Lakini timu inafungwa, jamani. Wajir ilitufunga. Mandera ilitufunga. Hapa nyumbani tulifungwa na madereva ya lori, watu walikuwa wanapita tu, wanangoja gari ipoe! Mimi nikiwa na mbuzi hazai, naibeleka soko. Siichukii. Naibeleka tu."

Walimpigia makofi. Akasimama mwingine, akasema mazoezi ni ya kukimbia mno. Wa tatu akasema hayana kukimbia hata kidogo. Kijana mmoja aliyevaa jezi ya timu ya Ulaya alisema siku hizi mpira ni kukaba huko huko juu, na kocha hana hiyo maneno, yeye ni pasi, pasi, pasi, ball haifiki mbele. Mzee mmoja aliuliza, akiondoka huyu, nani atakuwa kocha, na mara moja wakajitokeza wanaume sita, mmoja wao akiwa na gongo la kutembelea. Mjumbe mwingine alimwomba kocha asogee kushoto kidogo, maana jua lilikuwa linamgusa goti. Kocha alisogea. Yule mjumbe alimshukuru, akavuta kiti chake, akaendelea kueleza kwa nini mtu huyu hafai.

Gelle alikaa mstari wa nyuma kando ya mkeka wa mama yake, akitafuna kijiti cha mswaki. Jasho lilimtoka ingawa palikuwa na ubaridi.

"Mwalimu," Guleid alisema hatimaye, "wewe sasa. Jitetee."

Kang'ethe aligeuza kichwa, na kivuli chote kikatikisika kidogo. "Wazee, timu siichagui mimi," alisema. "Mnajua."

Walijua. Nyota ya Bulla ilikuwa ya koo nne, na tangu ilipoanzishwa wachezaji waligawanywa kama inavyogawanywa nyama ya ngamia, kila ukoo na fungu lake, ili pasiwe na atakayelala na kinyongo. Kumi na moja haigawanyiki kwa nne, na jambo hilo liliwahi kuleta vita vya viti vya plastiki, mpaka wazee wakapata njia: kipa ahesabiwe wawili, kwa sababu anatumia miguu na mikono pia. Hapo ikawa kumi na wawili, kila ukoo watatu, amani ikapatikana. Ukoo wa Gelle ulipewa kipa na mchezaji mmoja. Kipa alikuwa Yahye, mtoto wa kaka yake.

"Hesabu yenu haina kosa," Kang'ethe aliendelea. "Inagawanyika vizuri kabisa. Mimi nafundisha hesabu, siwezi kuikosoa. Ila kipa anafunga macho mpira ukija."

Wajumbe wakageuka kumtazama Gelle. Yahye mwenyewe, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya meza ya chai, alinyanyua mkono.

"Adeer, ni jua," alimwambia ami yake Gelle. "Hiyo jua inaniingia, si uongo."

"Yahye, jua linakuwa nyuma yako," kocha alisema kwa upole.

"Kipindi cha pili tu, mwalimu."

"Na kipindi cha pili unafunga macho pia."

Guleid aligonga fimbo chini. "Gelle. Wewe ndio mtu ya makocha. Banda juu useme."

Kreti la soda lilikuwa limeshawekwa. Gelle alilipanda, na mashabiki wakaanza kumchokoza kabla hajafungua mdomo: tairi! tairi! Aliwatazama. Alikuwa na maneno mawili kichwani, yote tayari. La kwanza lilikuwa lile la siku zote. La pili lilikuwa kweli: kwamba kosa ni mgao, kwamba Yahye hajui kudaka hata kuku wa kwao, na kwamba yeye Gelle, kwa niaba ya ukoo wake, anarudisha nafasi ya kipa ili mwalimu atafute anayejua. Kwa neno hilo kocha angeokoka kwa haki, na mama angebaki na kivuli chake.

"Tairi," alianza, na watu wakashangilia. "Ngojeni. Tairi ikitoboka leo, kesho, kesho kutwa, fundi hawezi kuangalia tairi tu. Ataangalia barabara. Iko na nini? Iko na misumari?"

"Barabara gani?" Abdilatif aliuliza. "Taja!"

Gelle akamwona kaka yake, baba wa Yahye, kwenye mstari wa mbele. Kaka hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, kama anavyomtazama wakati wa kugawa fungu la nyama, kuona mkono utaelekea wapi. Ukoo ungebaki na mchezaji mmoja, na huyo mmoja ni beki tu. Watu wangesema Gelle aliuza fungu lao kwa sababu ya mtu wa bara.

"Nasema barabara kwa jumla," Gelle alisema, akashuka kwenye kreti. Watu walipiga makofi machache ya adabu. Alirudi kwenye kiti chake akiona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, maana sasa hapakuwa na mtu wa kumtetea kocha.

Guleid alisubiri kama kuna mwingine. Walipokaa kimya alihesabu kimya hicho kuwa kauli, kama desturi ilivyo.

Kang'ethe alielewa. Alikunywa chai iliyobaki, akamrudishia Rukiyo kikombe, akasema, "Basi wazee, sitaki kuwachosha. Mmenikaribisha vizuri. Asanteni kwa chai." Akatoa mfukoni kofia ya kitambaa iliyokunjwa, ambayo hakuna aliyemwona nayo tangu siku ya timu ya Mandera, akaikunjua, akaivaa. Alifanya hivyo kwa kuwa mkutano umekwisha na njia ya kurudi nyumbani ina jua.

Kivuli kikakunjika mara moja na kuwa cha kofia. Jua la Garissa likawashukia wote. Viti vya plastiki vilipata moto, wenye vipara wakashika vichwa, mbuzi wakainuka wakaondoka. Guleid alivuta kilemba mpaka kwenye nyusi. Abdilatif aliweka kikombe chake chini kwa sababu kilimchoma.

Muslimo hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya macho, akajilaza ubavu kwenye mkeka, akageuzia uso upande ambao, kama angekuwa nyumbani, ungekuwa ukuta. Gelle aliruka, akasimama juu yake, akatanua mikono na kikoi chake cha begani. Kivuli chake yeye kilimtosha mama bega moja. Alihamia kulia, likapata jua hilo bega, likafunikwa shavu. Alihamia kushoto. Alikuwa karibu kulia mbele za watu.

Muslimo alifungua macho, akaona haya yote, akainua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana, cha kununulia chumvi.

"Mwalimu," aliita. "Kofia. Toa."

Kang'ethe alikuwa ameshapiga hatua kadhaa. Alisimama, akageuka, na kwa kuwa aliyemwambia ni mama mzee, alivua kofia bila kuuliza sababu. Kivuli kilirudi, kikatanda juu ya viti, juu ya meza ya chai, juu ya mkeka. Muslimo alishusha pumzi ndefu. Watu walimsikia, kisha wakajisikia wenyewe wakishusha za kwao.

"Tubige kura," Guleid alisema.

Mikono yote ilikwenda juu kwamba kocha abaki. Abdilatif aliinua miwili. Gelle aliketi chini mchangani kando ya mama yake, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Alimshika mama kidole kimoja cha mguu, akakishikilia. Mama alimwambia aache utoto.

Baada ya hapo ulifuata mjadala mrefu kuliko wote, na haukuwa wa mpira. Kama kocha anabaki, kivuli ni cha nani? Haiwezekani kila mtu aje akae anapotaka, wengine wakawahi kila siku na wengine wapate pindo. Ilikubaliwa kigawanywe mafungu manne. Lakini upande wa miguuni kwa kocha kivuli ni chembamba, na upande wa kichwani ni kipana, na pembeni jua hupenya. Waligombana mpaka chai ikaisha. Mwisho walikubaliana kwamba sehemu ya pembeni ihesabiwe nusu, mafungu yabadilishane kila mechi, mama wazee wakae popote, na meza ya Rukiyo iwe katikati kwa sababu chai haina ukoo. Walimwomba kocha, akiwa mwalimu wa hesabu, awachoree mistari. Alichora kwa chokaa, akirudi nyuma na mbele, akiangalia kivuli cha kichwa chake kilipofika, na mistari yake ilinyooka kiasi kwamba hapakuwa na mgogoro.

Masharti pia yalipitishwa. Kocha asivae kofia uwanjani. Asibebe mwavuli. Asikae wakati wa mechi. Uhamisho asiombe bila kuwaambia wazee. Kang'ethe alisikiliza yote akakubali, kwa sababu kazi aliipenda, na kwa sababu, kusema ukweli, naye alikuwa amefarijika. Alikuwa ameshaanza kumzoea yule bibi wa uani.

"Na mimi nina ombi," alisema. "Moja tu. Kuna kijana Hagadera, kule kambini. Tulicheza nao mechi ya kirafiki, mnakumbuka. Hatukumfunga hata bao moja. Anadaka kila kitu. Nipeni huyo awe kipa."

Guleid alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu wa dharau. "Huyo kijana ni wa nani hapa?"

"Si wa mtu hapa. Ni mkimbizi."

"Sasa, mwalimu, tutamhesabu wapi? Kila mtu iko na tatu yake. Huyo atakuwa wa kumi na tatu?"

Kang'ethe alijikung'uta chokaa mikononi. Alimtazama Gelle, mwenye nafasi ya kipa. Gelle alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amesinzia mdomo wazi ndani ya fungu la ukoo mwingine bila kujali mistari. Neno lile la pili lilikuwa bado lipo, halikwenda mahali. Lakini kocha amebaki, mama yuko kwenye ubaridi, na kaka yake alikuwa amemgeukia kumpa mkono wa pongezi. Gelle aliupokea ule mkono.

"Hayo ni mambo ya ndani," alimwambia kocha. "Iache tu, mwalimu."

Mechi iliyofuata ilikuwa na timu ya Wajir. Mashabiki wao walikuja kwa malori mawili, na kwa kuwa ni wageni walipewa nafasi ya katikati, karibu na chai. Walishukuru, wakasema kwao Wajir hawana kocha wa namna hii, wana tanki la maji tu. Kufikia mapumziko Nyota ilikuwa imefungwa manne. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepiga teke vumbi. Watu walinyoosha miguu, wakaagiza chai, wakazungumzia bei ya nyasi na arusi ya mtoto wa Abdilatif. Mmoja alisema pasi za leo zimependeza. Hata wale sita waliotaka ukocha walisema hawana haraka.

Muslimo alikuwa amekula tende na kufunga shuka vizuri miguuni, maana alisema anasikia baridi. Alikuwa mzima, mnene kidogo, na Gelle kila akimtazama alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama aliinua kidevu kuelekea uwanjani, kwenye mstari.

"Na yeye?" aliuliza.

Gelle aliangalia. Kang'ethe alikuwa amesimama pale pale aliposimamishwa, kichwa wazi, amekunja uso kwa jua la jioni lililomwingia machoni. Ngozi ya paji la uso ilikuwa inabanduka. Kivuli chote kilikuwa nyuma yake.

"Yeye ndiye kocha, hooyo," Gelle alimwambia mama yake.

"Mpelekee maji."

Alichukua chupa kwa Rukiyo, akavuka mistari ya chokaa, akaingia juani. Zilikuwa hatua chache, lakini kufika kwake shati lilikuwa limeshamganda mgongoni. Kocha alikunywa nusu, nusu akajimwagia kichwani, na maji yakakauka kabla hayajafika shingoni. Uwanjani kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, na mpira ulipigwa kutoka mbali, wa taratibu, wa kudakwa na yeyote. Yahye alitanua mikono, akafunga macho. Ukaingia.

"Umeona," Kang'ethe alisema.

"Nimeona, mwalimu," Gelle alijibu.

Alisimama naye kidogo, kwa adabu. Kisha jua likamzidi, akachukua chupa tupu, akarudi mbio kivulini, na kukuta kiti chake bado kina ubaridi.